Kabla ya Kuuza Shamba, Nendeni Wawili

Ndugu wananchi wenzangu wa Namawala, na ninyi nyote wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, leo naomba tuzungumze jambo tulilozoea kulinong'ona: ndoa iliyokaa miaka bila mtoto, na fedha zinazoteketea katika kumtafuta.

Nani kati yetu asiyeijua nyumba ya namna hiyo? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbana na tatizo la uzazi katika maisha yake. Kwa hiyo hawa ni kaka zetu, dada zetu, mashemeji zetu. Ni watu wa nyumbani.

Habari za kupandikiza mimba sasa zinatufikia hata kwenye simu. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Majirani zetu wa Kenya walipata wa kwao mwaka 2006. Leo huduma hiyo ipo Dar es Salaam, kwa mfano katika kituo cha Kairuki kule Bunju. Ni jambo la kushukuru. Lakini mkulima wa mpunga atauliza, na ana haki ya kuuliza: bei yake je?

Mzunguko mmoja wa matibabu hayo ni mamilioni ya shilingi, na mara nyingi mimba haishiki kwa mara ya kwanza. Hebu tupige hesabu pamoja. Kuna sindano za homoni anazochomwa mama kila siku kwa siku kumi hivi. Kuna ultrasaundi za kurudiarudia, kutoa mayai, kazi ya maabara, kisha kupandikiza. Ongeza nauli, maana kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 400. Ongeza chumba cha kulala na chakula. Halafu shambani palizi inamsubiri nani?

Ndiyo maana nawasihi: kabla ya kuuza shamba au ng'ombe, tuanze na hatua zilizo karibu na zenye bei nafuu. Nani kati yetu hununua mbolea kabla hajajua jaruba lake lina shida gani?

Mmeishi pamoja mwaka mzima bila kinga na mimba haijaingia? Nendeni hospitali. Mama amepita miaka 35? Msingoje zaidi ya miezi sita. Na nendeni wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Baba, nisikilize kwa upole. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanaume naye ana mchango wake. Kipimo cha mbegu hakina kisu wala sindano. Unajizuia siku mbili hadi saba, unatoa sampuli kwenye kikopo safi, na inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja. Majibu yake yanaweza kumwepusha mkeo na vipimo vyenye maumivu na gharama, kama picha ya mirija ya uzazi. Je, mwenzako hastahili msaada huo?

Majibu yakitoka, yatunzeni. Karatasi iliyokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni huokoa fedha, maana daktari wa mbele anaweza kuendelea alipoishia mwenzake. Wapo watakaopona kwa dawa, wapo watakaohitaji upasuaji, na wapo ambao kweli watahitaji kupandikiza. Hao wa mwisho angalau watasafiri wakijua wanakwenda kutibiwa nini.

Na vijana je, waulinde vipi uzazi wao? Kisonono na klamidia visipotibiwa mapema huweza kuziba mirija. Ukiona dalili, tibiwa wewe na mwenzi wako kwa pamoja. Kichocho nacho, ambacho sisi tunaoshinda majini kwenye mpunga tunakijua vizuri, kinaweza kuharibu viungo vya uzazi vya mwanamke. Mtoto akikojoa damu, mpelekeni zahanati. Mama mjamzito naye ajifungulie kituoni, kwa sababu maambukizi baada ya uzazi huweza kumfungia njia ya mtoto mwingine.

Mama mkwe, najua hamu yako ya mjukuu ni ya upendo. Badala ya kuuliza "mtoto lini?", kwa nini usiseme, "mwanangu, nendeni hospitali, kuku na mji nitawaangalizia mimi"? Wanavikundi wa VICOBA, mnaweza kuweka mkopo wa matibabu ya uzazi usiomlazimu mtu kujieleza mbele ya kikao kizima. Waajiri, mwalimu au kibarua akiomba ruhusa ya kliniki, mpeni bila kumhoji sana.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Unapojiunga, uliza kifurushi chako kinalipia vipimo gani vya uzazi, na usidhani tu kwamba kupandikiza mimba kumo. Tukiuliza wengi, na wawakilishi wetu watalibeba swali hilo.

Mavuno yakiisha na fedha ya mpunga ikiwa mkononi, tengeni kwanza nauli ya watu wawili na gharama za vipimo vya mwanzo. Shamba libaki lilivyo hadi daktari awape jibu.