Sanduku Langu, Kufuli Lao

Simama juu ya ghorofa lolote la Kariakoo uangalie mapaa ya nyumba za chini. Hutakosa nyumba yenye madishi mawili. La kwanza limeelekea magharibi, kwenye setilaiti ya nyuzi 7 mashariki, inakopatikana Azam TV. La pili limeegama nyuma karibu kulala chali, linaitafuta setilaiti ya nyuzi 36 inayobeba DStv, ambayo kwa mtu wa Dar es Salaam iko karibu na utosi. Ndani, chini ya televisheni moja, kuna ving'amuzi viwili, rimoti tatu na waya zilizosokotana. Kimoja cha Simba na Yanga, kingine cha Arsenal. Mwenye nyumba amevinunua vyote kwa fedha taslimu, na siku kifurushi kikiisha havimfai kitu. Ni vyepesi mno hata kuzuia mlango.

Sidai kutazama bure. Mpira una gharama, na mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa Shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Aliyetoa fedha hiyo ana haki ya kudai kiingilio. Ugomvi wangu hauko kwenye kiingilio, uko kwenye sanduku.

Fikiria jinsi linavyofanya kazi. Setilaiti haimjui mtu. Mawimbi yake huangukia kila paa kama mvua, la aliyelipa na la asiyelipa, kwa hiyo picha huvurugwa kabla ya kurushwa, na ufunguo wa kuipanga upya hubadilika kila baada ya sekunde chache. King'amuzi chako huupokea ufunguo huo ukiwa umefichwa, na kadi au chipu iliyomo ndani huufungua ikiwa jina lako limo kwenye orodha ya waliolipa. Sasa sikiliza hili, maana wauzaji hawalisemi: njia ya kuvuruga picha haikubuniwa na kila kampuni peke yake. Muungano wa DVB wa Ulaya uliafikiana njia moja mwaka 1994, ili itumike na wengi. Kinachotofautiana ni namna ya kukufikishia ufunguo. DStv hutumia mfumo wa Irdeto, kampuni dada yake, na wengine wana mifumo yao. Hiyo ndiyo tofauti iliyokuwekea masanduku mawili sebuleni, nayo ingeweza kukaa kwenye kadi ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti.

(Kiswahili kilikiheshimu mno kifaa hiki. Kung'amua ni kazi ya mtu mwenye akili, anayeona jambo ambalo wengine hawajaliona. King'amuzi chetu haking'amui lolote. Kinasubiri ruhusa.)

Linganisha na simu. Ukinunua simu dukani, unatia laini ya mtandao unaoutaka, na nyingi zina nafasi ya laini mbili. Mwaka 2017 TCRA ilikwenda mbali zaidi, ikaruhusu mteja ahame mtandao na namba yake ileile. Hakuna aliyesema kampuni za simu zitakufa. Mamlaka hiyohiyo ndiyo inayosimamia utangazaji. Mbona hekima yake iliishia mfukoni mwetu, haikufika sebuleni?

Nafasi ilikuwepo. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mwenye televisheni ya zamani akalazimika kutafuta king'amuzi. Dola inapomlazimisha raia kununua kitu, ina deni la kuhakikisha kitu hicho kinakuwa chake kweli. Sharti la kadi ya kampuni yoyote kuingia kwenye king'amuzi chochote lilitakiwa kuandikwa wakati ule. Halikuandikwa. Agosti 2018 tukaona matokeo: kampuni za televisheni ya kulipia ziliambiwa leseni zao haziruhusu kubeba chaneli za bure za nyumbani, na chaneli zikiwamo ITV na Channel Ten zikaondolewa. Mtu mwenye dishi juu ya paa na kifurushi kilicholipiwa akahitaji king'amuzi kingine ili aone taarifa ya habari ya nchi yake.

Kampuni zina jibu, na si jibu la kijinga. Zinasema sanduku huuzwa chini ya gharama, hivyo ni lazima limfunge mteja ili fedha irudi. Haya, basi yauzwe mawili: la bei nafuu lililofungwa, na la bei kamili lililo huru, mnunuzi achague. Hilo la pili halipo sokoni. Zinasema pia kwamba mfumo wazi hualika wezi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 ilidai kila televisheni ya dijitali yenye kioo kinachozidi sentimita 30 iwe na angalau tundu moja la wazi la kupachika vifaa vya nje, na televisheni ya kulipia huko haikufa.

Fundi mmoja wa madishi ninayemfahamu kule Tandika ana rafu ndefu ya ving'amuzi vilivyoachwa na wateja waliohamia kampuni nyingine. Nilimuuliza vimeharibika nini. "Hivi vizima kabisa, mdogo wangu," akasema. "Vimekosa mwenyewe tu." Huvinyofoa sehemu za umeme, vinavyobaki huenda jalalani.

Kanuni inayohitajika ni fupi. Kuanzia tarehe itakayotangazwa, king'amuzi chochote kitakachopita bandarini kiwe na tundu la kupokea kadi au moduli ya kampuni yoyote yenye leseni nchini, na chaneli zisizofungwa zionekane hata kama kifurushi kimekwisha. Na vile ambavyo tayari viko majumbani, kampuni zivinunue tena kwa bei zilizotuuzia.