SHOKAPU ZA GARI LETU: TUPIME KWANZA



Land Rover yetu ni Series III, aina iliyoacha kuundwa 1985, na sasa inayumba kama mtumbwi. Shokapu za nyuma zinavuja oili. Tulipoinua gari kwa springi mpya ili lipite kwenye mawe, shokapu tuliziacha zile zile fupi. Gurudumu likiningʼinia shimoni, shokapu ndiyo inashikilia ekseli nzima, mpaka inangʼoka.

Wengine wanadai tununue ndefu kabisa, tena ngumu kabisa. Hapana jamani! Ndefu mno itagota gari likizama na magunia ya pamba, nayo itapasuka. Ngumu mno itamrusharusha mgonjwa tunayemkimbiza hospitali. Na kubeba mzigo si kazi yake, ni ya springi. Shokapu hutuliza mruko tu.

Fundi apime toka tundu la juu mpaka la chini: kwanza gurudumu likiningʼinia, halafu ekseli ikigusa raba ya chesisi. Shokapu ikivutwa yote ipite kipimo cha kwanza kidogo, ikifungwa iwe fupi kuliko cha pili. Mara iliyopita tulinunua kwa kukisia, na hasara tuliiona wote. Kamati isilipe hata senti kabla vipimo havijabandikwa hapa ukutani.