Mlango wa Mahakama Usifungwe Tena

Mtu atakaye kujua kama nchi inaongozwa kwa Katiba au kwa matakwa ya mtu mmoja asianze kwa kuhesabu vyama vya kisiasa. Na aulize maswali mawili. Je, raia wa kawaida aweza kuishtaki serikali mbele ya jaji? Na jaji akiisha kuamua, je, serikali itatii? Vyama vingi tulivipata Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa. Jibu la swali la kwanza lilitugharimu miaka mingi zaidi, na jibu la swali la pili hatujalipata kwa ukamilifu hadi leo.

Waumini mnakijua kisa cha Nabothi wa Yezreeli. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu, naye akakataa kuuachilia urithi wa baba zake. Nabothi hakuuawa gizani na wanyang'anyi. Baraza liliitishwa, wazee wa mji wakaketi, mashahidi wa uongo wakaletwa, hukumu ikatolewa mchana kweupe. Mahakama iliyomo mfukoni mwa mtawala ni hatari kuliko upanga wake, kwa maana huivika dhuluma joho la sheria.

Kenya ilikaribia sana baraza la Yezreeli. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja lilirekebisha Katiba na kuwaondolea majaji hakikisho la kudumu kazini. Marekebisho hayo hayo yaliwaruhusu polisi kumshikilia mshukiwa wa kosa la kifo kwa siku 14 badala ya saa 24. Hakikisho la majaji lilirudishwa mwaka 1990, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia katika korido za mahakama.

Mwaka 1989 likaja pigo jingine, safari hii kutoka ndani ya Mahakama Kuu yenyewe. Kifungu cha 84 cha Katiba ya zamani ndicho kilichompa raia njia ya kwenda mbele ya jaji haki zake zikivunjwa. Jaji Norbury Dugdale aliamua kwamba kifungu hicho hakiwezi kutumika, kwa kuwa Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kukitekeleza. Tafakarini jambo hili. Uhuru wa kusema, wa kukutana na wa kuabudu ulikuwa umeandikwa katika Katiba, lakini kwa sababu afisa mmoja hakuandika kanuni, taifa zima likakosa pa kuulilia. Kenneth Matiba, aliyewekwa kizuizini Julai 1990 kwa kudai vyama vingi, aliubisha mlango huo mwaka huo huo akaukuta umefungwa. Akiwa kizuizini alipatwa na kiharusi mwaka 1991. Kanuni zilikuja kutungwa mwaka 2001. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamuru Matiba alipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 500. Aprili 2018 akafariki dunia. Haki ilifika, ila ilimkuta mzee mgonjwa.

Katiba ya 2010 iliuvunja mlango huo na kuweka mwingine mpana. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki zake zinapovunjwa au kutishiwa. Aweza kwenda kwa ajili yake mwenyewe, kwa ajili ya mwingine asiyeweza kwenda, kwa niaba ya kundi, au kwa manufaa ya umma. Hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo, na kanuni za mwaka 2013 zinaikubalia mahakama kupokea hata barua au ombi la mdomo. Kifungu cha 23 nacho kinampa jaji uwezo wa kuzuia tendo la serikali, kubatilisha sheria inayovunja haki na kuamuru fidia.

Matunda tumeyaona. Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu waliusimamisha mpango wa kubadilisha Katiba uliojulikana kama BBI. Mahakama ya Upeo, katika uamuzi wake wa Machi 2022, ilitengua baadhi ya hoja zao, lakini ikakubaliana nao kwamba Rais hana ruhusa ya kuanzisha mabadiliko ya Katiba kupitia njia iliyotengewa wananchi.

Lakini kushinda kesi si kupata haki. Februari 2020 Mahakama Kuu ilisema kwamba Rais alipaswa kuwateua majaji 41 waliopendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama mwaka 2019. Waliteuliwa 34 mnamo Juni 2021, na sita wakasubiri hadi Septemba 2022, Ikulu ilipopata mwenyeji mwingine. Mwaka 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani na maafisa wawili wakuu walitozwa faini ya shilingi 200,000 kila mmoja kwa kuidharau mahakama katika kesi ya Miguna Miguna. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno unaowakata wanyonge peke yao umeharibika.

Wako wanaouliza: majaji hawakupigiwa kura, basi kwa nini wamzuie Rais aliyechaguliwa na mamilioni? Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika Katiba. Rais hupewa kura ili atawale kwa mujibu wa sheria, na wananchi walioipitisha Katiba ya 2010 katika kura ya maamuzi ndio waliomwekea mipaka. Jaji anayeilinda mipaka hiyo hutekeleza agizo la wananchi hao hao. Akikosea, zipo mahakama za juu za kumsahihisha. Serikali isiyoridhika na ikate rufani. Haina ruhusa ya kupuuza.

Kwetu Taita Taveta jambo hili halikai mbali. Mbuga za Tsavo zimemeza zaidi ya nusu ya kaunti, mashamba makubwa ya mkonge yakachukua sehemu nyingine, na wengi wanaishi kwa hofu ya kuhamishwa. Zamani kesi ya Mahakama Kuu ilimaanisha safari ya Mombasa. Leo Mahakama Kuu inakaa Voi, na kwa migogoro ya ardhi ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi yenye hadhi sawa nayo. Lakini mlango ulio karibu haumsaidii asiyejua kwamba uko wazi.

Kwa hiyo makanisa yetu, kuanzia Sagalla na Bura hadi Wundanyi, Mwatate na Taveta, na yavifundishe vifungu vya 22 na 23 kama yanavyofundisha katekisimu. Kila jumuiya na imteue mtu wa kuweka kumbukumbu: barua, risiti, tarehe, majina ya mashahidi. Na hukumu ikitolewa, tuifuatilie hadi itekelezwe, tukiuliza kwa amani na bila kuchoka, mfano wa yule mjane aliyemwendea kadhi dhalimu mpaka akapewa haki yake. Watawala waliufunga mlango wa mahakama zamani kwa sababu wananchi hawakuwa wamesimama kizingitini. Safari hii na watukute hapo.