Hewa Kidogo Haiui Mtambo wa Biogesi

Mmekwisha kuwasikia wanaoapa kwamba mtambo wa biogesi ukiingiwa na hewa, hata kidogo namna gani, umekufa. Ninyi ndio waamuzi, pimeni.

Wanasema oksijeni huua vijidudu vinavyotengeneza methani. Vikiwa peke yao, kweli, haviivumilii. Lakini mtamboni haviko peke yao: vimezungukwa na bakteria wanaoishi kwa hewa au bila hewa, nao huimaliza oksijeni kabla haijavifikia. Isitoshe, kila anayekoroga kinyesi na maji kwenye ndoo huiingiza mwenyewe. Lita moja ya maji yaliyokaa wazi hubeba miligramu 8 hivi. Kama kidogo hicho kingeua, nani angepikia biogesi? Na hasara ni kiasi gani? Gramu moja ya oksijeni ikila malighafi, methani hupungua kwa lita 0.35. Tia lita 50 za hewa kwa kila mita moja ya ujazo ya gesi: oksijeni iliyomo ni gramu 14 hivi, na methani inayopotea haizidi lita 5 kati ya 600 zilizomo katika mita hiyo ya gesi.

Wanasema pia kwamba hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza inayokula jenereta, dawa yake ni chujio la chuma, si hewa. Chujio linafanya kazi, sibishi. Ila waulizeni: chuma kikichoka mnakifanyaje? Watajibu bila kusita: tunakitoa nje kipigwe na hewa, taratibu maana hupata moto, kisha tunakirudisha. Kinachokifufua ni nini kama si oksijeni, inayogeuza salfaidi kuwa salfa? Kazi hiyohiyo hufanywa na hewa inayopulizwa juu ya tope katika mitambo mingi ya mashambani Ujerumani, na salfa yenyewe huonekana: utando wa njano ukutani. Basi hewa ni adui ndani ya mtambo, na nje ni fundi wao.

Mlipuko? Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 katika hewa. Mtambo uliotiwa hewa asilimia 5 bado una methani zaidi ya nusu. Hatari ya kweli ni pampu kuendelea kupuliza wakati gesi haizalishwi, na hilo hawalitaji.

Kuhusu naitrojeni kupunguza ukali wa gesi, wako sahihi: methani ya asilimia 60 hushuka hadi 57 hivi. Anayesafisha gesi iendeshe magari ana haki ya kulalamika. Mpishi hatagundua.

Wapo pia washabiki wanaodai hewa huongeza gesi. Kwa mabaki yenye nyuzi ngumu, kiasi kidogo huweza kuharakisha uozaji. Ikizidi, malighafi huishia kuwa kaboni dioksaidi, nayo haiwaki.

Hewa, basi, ni ya mtambo wenye pampu inayodhibitiwa na kipima gesi. Wewe mwenye mtambo mdogo wa nyumbani usio na hivyo viwili, baki na chujio lako la chuma.