Mtoto Asifundishwe la Kusema

Talaka ikishapita hubaki suala la hadhana: mtoto akae na nani? Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 yataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo limhusulo. Kwa hiyo mahakama huweza kumwagiza afisa wa watoto afike nyumbani, atazame malazi, masomo na afya, azungumze na wazazi wote wawili na mtoto mwenyewe, kisha aandike ripoti. Ripoti hiyo si hukumu. Mzazi aweza kuipinga mbele ya hakimu. Twawasihi wazazi: msimfundishe mtoto maneno ya kumchongea mamake au babake. Kesi itakwisha, naye atabaki mwana wenu nyote wawili. Mtoto ni amana. Wallahu aalam.