Habari za Michezo: Tuzo kwa Aliyeshindwa

Ninyi vijana mnaocheza mpira huko Buluo mnalijua jambo hili bila kufundishwa na gazeti. Mlinda goli adaka mipira kumi, hata mikono yamwuma, mwishoni mwenzake ateleza, mpira mmoja wapita, nao watu warudi nyumbani wakisema, "Tumefungwa." Ile mipira kumi haimo katika hesabu.

Iko michezo miwili ya ng'ambo ambamo jambo hilo huonekana wazi zaidi, kwa kuwa mtu mmoja hurusha mpira na adui humngoja na gongo mkononi. Mmoja ni besiboli ya Wamarekani. Wa pili ni kriketi ya Waingereza, ambao una wachezaji hodari Nairobi na Mombasa.

Tuanze Marekani. Tarehe 26 Mei 1959, mjini Milwaukee, Harvey Haddix wa timu ya Pittsburgh alirusha mpira huku akiwa na mafua. Besiboli ina zamu tisa. Katika zamu zote tisa hakumruhusu mpigaji hata mmoja afike kituo cha kwanza. Lakini wenzake nao hawakupata pointi, ijapokuwa waliupiga vizuri mpira wa Lew Burdette mara 12 siku ile. Basi mchezo ukaendelea, na Haddix akawatoa wapigaji 36 mfululizo. Ndipo katika zamu ya 13 mwenzake Don Hoak akarusha mpira vibaya, adui akapata kituo, na baadaye Joe Adcock akaupiga mpira mbali sana. Milwaukee 1, Pittsburgh 0. Mwaka 1991 wakuu wa besiboli waliandika kanuni upya, na kazi ya Haddix ikaondolewa katika orodha ya heshima ya warushaji. Mimi naona wangaliweza kumwachia hiyo.

Sisi Waafrika tunaye wetu. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mtu wa kazi ya bima, aliwahi kuiwakilisha Kenya katika tenisi pia. Aliiongoza timu ya kriketi ya Kenya katika Kombe la Dunia la 1999, kisha akastaafu. Mwaka 2003 aliitwa tena, umri wake miaka 39. Kenya ilipofika Durban, Afrika Kusini, tarehe 15 Machi, ilikuwa imekwisha kupata nafasi ya nusu fainali, jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Adui wa siku ile walikuwa Waaustralia, ambao hawakushindwa hata mara moja katika mashindano yale yote.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Brett Lee wa Australia aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu iliyofuatana. Nahodha Steve Tikolo na wenzake walijikaza wakafikisha mikimbio 174. Kwa Waaustralia hesabu hiyo ilikuwa ndogo, nao walianza kuila upesi kama watu wenye safari.

Hapo Karim akapewa mpira. Hakuurusha kwa nguvu kama Lee. Aliurusha polepole, kwa mkono wa kushoto, ukizunguka, na kila mara ukianguka pale pale mpigaji asipopapenda. Nahodha Ricky Ponting akatoka. Darren Lehmann akatoka. Brad Hogg akatoka. Waaustralia walipokuwa na mikimbio 117, watu wao watano walikuwa nje. Mrushaji wa kriketi hurusha mipira sita kwa zamu yake. Karim alimaliza zamu sita nzima bila kutoa mkimbio hata mmoja. Kwa mipira yake 50 Waaustralia walipata mikimbio 7 tu. Watu wa kriketi wanajua kwamba wapigaji wale walizoea kupata saba kwa mipira michache sana.

Lakini mtu mmoja hawezi kurusha kutoka pande zote mbili za uwanja. Sehemu kubwa ya mikimbio iliyobaki ilipatikana kwa warushaji wengine, na Australia ikashinda, watu wake watano tu wakiwa wametolewa. Tuzo ya mchezaji bora wa siku ile alipewa Karim.

Siku tano baadaye, katika uwanja ule ule, Kenya ilishindwa na India kwa mikimbio 91, naye Karim akastaafu kwa mara ya pili.