Kasri la Mizingani lilivyotimiza miaka 30

Yubile si jambo geni kwa nyumba hii. Mwaka 1936 Seyyid Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala, makazi yake rasmi yalikuwa humu, na Zanzibar ikatoa stempu zenye picha ya jahazi Sham Alam. Mwaka 2024 zamu ilikuwa ya nyumba yenyewe: miaka 30 tangu ifunguliwe kwa umma, mwaka 1994, kama Makumbusho ya Kasri, hapa Mizingani, Mji Mkongwe. Tunawapa hongera wote waliolilinda jengo hili na chumvi ya bahari, mvua za masika na uhaba wa fedha.

Hongera yetu kubwa zaidi ni kwa kuiacha nyumba ibaki nyumba. Mgeni hupanda ngazi akitarajia dhahabu, akifika ghorofa ya juu anakuta samani za Formica, za mtindo uleule uliokuwa ukiuzwa madukani miaka ya hamsini. Zilikuwa za Seyyid Khalifa huyo huyo, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Wapo wanaonong'ona kwamba wamepunjwa. Sisi tunasema hicho ndicho chumba chenye ukweli kuliko vyote: mfalme chini ya himaya ya Mwingereza, mzee wa watu, na kabati ambalo hata karani angeweza kujinunulia.

Watu huliita kasri la kale, lakini jengo tunalolisherehekea si lile la Sultani Seyyid Said. Beit al-Sahel la mwanzo lilipigwa mizinga ya manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikutimiza hata saa moja. Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha usultani siku mbili tu kabla, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Jengo la jirani, Beit al-Hukm, halikusimama tena. Kasri la sasa lilijengwa baadaye, palepale ufukweni.

Kwa hiyo Bibi Salme hakupata kulala katika chumba kinachomkumbuka humu. Hilo halitusumbui hata kidogo, maana hakuna aliyetuachia habari za maisha ya Beit al-Sahel kama yeye. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Seyyid Said na suria wa Kicherkesi. Kuandika alijifundisha kwa siri, akinakili aya za Qurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu mtoto wa kike alifundishwa kusoma tu. Siri hiyo ilimponza: mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa mwandishi wa barua za kaka yake Barghash katika njama dhidi ya kaka yao, Sultani Majid. Mwaka 1866 aliondoka na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa na kufunga ndoa Aden, akaishia Ujerumani akiitwa Emily Ruete. Kitabu chake kilitoka mwaka 1886.

Humo ameeleza ua wa Beit al-Sahel: wachinjaji na nyama zao, wachukuzi wa maji wakijinyoosha kupumzika, moshi wa jikoni, yaya wakiwasimulia watoto hadithi. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa, na Salme, pamoja na ushujaa wake wote, aliutetea utumwa. Makumbusho yamempa yeye chumba, na ni haki yake. Wachukuzi wa maji je?

Wakazi wa mwisho wa kasri la sasa, waliomfuata Seyyid Khalifa, hawakukaa sana. Abdullah bin Khalifa alifariki mwaka 1963, na mwanawe Jamshid alitawala miezi sita tu mpaka Mapinduzi ya Januari 1964. Yeye akaenda kuishi Portsmouth, kasri likawa la wananchi, likatumika kwa kazi za serikali kwa miongo mitatu.

Tuna maombi mawili. La kwanza ni la fundi: kuta za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko zinataka chokaa na jicho la kila msimu. Hatua chache kutoka hapa, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib iliporomoka ikaua watu wawili, nalo lilikuwa likikarabatiwa. Bajeti ya matengenezo isingoje ufa.

La pili ni jiko. Litengwe hata chumba kimoja cha chini kwa waliopika, waliochota maji na waliolea watoto wa wakubwa. Pa kuanzia papo: ukurasa wa Salme juu ya ua, na kumbukumbu za watumwa walioachwa huru baada ya amri ya 1897, zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Kilimani. Kutoka Mizingani hadi Kilimani ni mwendo mfupi wa daladala.